Kurasa Zilizobaki

Watu wa Nyakato, Musoma, wanamjua Isaya kwa suruali. Ukitaka suruali ikukae sawasawa, mpelekee yeye. Ukiwa na haraka, tafuta fundi mwingine, maana cherehani yake husimama kila kitabu kinapofika mahali patamu. Kitabu hakikosi pale mezani, kimelaliwa na mkasi kisijifunge. Wateja wamesema mpaka wamechoka. Mzee mzima, wajukuu anao, bado anasoma habari za mazimwi na falme zisizokuwepo!

Na si kitabu chochote, hapo ndipo anapokera watu. Kijana mmoja wa chuo, mtu mwema kabisa, aliwahi kumletea riwaya ya fantasia inayojulikana dunia nzima. Isaya akaigeuzageuza, akamrudishia kwa heshima zote.

"Hii ina watu wake wa kutosha," alisema. "Mimi nitafutie ambayo haina mtu."

Ugonjwa huo aliupata pamoja na Leonardi. Walikuwa bweni moja sekondari, pale Musoma mjini, Isaya mtoto wa kule Kibara na Leonardi mtoto wa Butiama. Mwalimu mmoja wa kujitolea alipoondoka aliwaachia wanafunzi boksi la riwaya za Kiingereza. Zile za waandishi wenye majina makubwa zikagombaniwa kama pilau ya harusi, na hawa wawili, wapole kupita kiasi, hawakuwahi kufikiwa na zamu. Wakabaki na vya chini ya boksi, vya waandishi ambao hakuna aliyewasikia, vingine bila jalada. Walivisoma kwa kukosa. Kumbe humo mlikuwa na nchi ambazo hakuna mwenzao aliyewahi kuzikanyaga, na kila mmoja akitoka huko alikuwa na mtu mmoja tu duniani wa kumsimulia. Ndivyo walivyoshibana.

Baada ya shule Isaya alikamata cherehani, Leonardi akarudi Butiama kwenye ng'ombe na mihogo ya baba yake. Vitabu havikuwaachanisha. Walikuwa na mbinu zao za kuvisaka. Muuza duka hawakumuuliza, kwa sababu atakupa kile kinachouzika. Walichambua marundo ya mitumba, ambako vitabu huja vimejibana katikati ya makoti. Leonardi, mjanja yule, alikuwa akianza na ukurasa wa shukrani. Mwandishi mashuhuri akimshukuru mtu usiyemjua, alisema, liandame jina hilo. Na walikuwa na sheria moja tu, ya tangu bwenini: marufuku kuchungulia mbele. Anayesoma na anayesimuliwa wanafika mwisho pamoja.

Halafu sukari ikamla Leonardi macho.

Isaya hakufanya kikao na mtu. Jumapili iliyofuata alitoka kanisani moja kwa moja hadi Butiama na kitabu mkononi, akaketi kando ya kitanda cha mwenzake, akaanza kusoma, Kiingereza kikiingilia machoni na kutokea mdomoni kuwa Kiswahili. Ikawa ndiyo Jumapili yao. Ghati, mke wa Leonardi, aliwapikia ugali na sato, akawaachia chumba chao. Hakuwahi kuuliza wanasoma nini.

Kitabu cha mwisho Isaya alikiokota mnadani Bunda, chini ya rundo la sweta za watoto. Jalada lilikuwa limechanika katikati na jina la mwandishi limebaki nusu. Kilimhusu msichana wa nchi ya vumbi ambaye mto wa kwao umekauka, na maji yake ya mwisho anayo kwenye kibuyu. Inambidi ayapeleke mpaka kwenye chemchemi, juu mlimani, ayamimine, ndipo mto urudi. Njiani kila mtu ana kiu. Wafalme wanayataka, majini wanayataka, hata mama yake mzazi aliyataka. Leonardi alikipenda kitabu hicho kuliko vyote walivyowahi kusoma.

"Huyu mwandishi ameshawahi kuchunga," alisema. "Anajua kiu."

Mwaka haukuisha, figo nazo zikagoma. Hospitalini wakamwambia Ghati amrudishe mgonjwa nyumbani, akae na watu wake. Isaya alipoambiwa alikaa kwenye cherehani yake asubuhi nzima bila kushona kitu. Akamkumbuka bibi yake wa Kibara. Isaya alipokuwa mdogo aliugua surua, hata watu wazima wakaanza kunong'ona. Bibi hakunong'ona. Alikaa naye, akaanza hadithi, akaikata katikati. "Nusu nyingine utaifuata kesho," akamwambia. Kesho mtoto akaifuata. Kesho kutwa pia. Bibi alikuwa akisema hivyohivyo kwa kila mgonjwa wa ukoo, kwamba mtu mwenye nusu ya hadithi hawezi kuondoka. Isaya alikua na jambo hilo moyoni, na hajawahi kulicheka.

Basi akaanza kukata. Pale ambapo zamani angesoma mpaka sauti ikauke, sasa alisoma kidogo, akafunga. Aliurudia ukurasa ule ule. Kuna Jumapili alitunga mvua nzima ambayo haikuwemo kitabuni, ili msichana achelewe. Na kitabu kilikuwa bado kinene. Kila alipokifunga alizishika kurasa zilizobaki kwa kidole gumba na cha shahada, na unene wake ulimtuliza.

Jumapili moja Leonardi alikuwa amekonda mpaka pete ya ndoa ameihamishia kidole kingine.

"Isaya, siku hizi unasomaga kidogo."

"Koo linaniwasha."

"Koo gani! Acha uongo wako. Niambie tu, anafika au hafiki?"

"Sijui. Mimi sichunguliagi, si unanijua."

"Leo chungulia. Nimekuruhusu."

Isaya alikishika kitabu kwa mikono miwili. Aliogopa. Aliona kabisa kwamba akisema "amefika", kesho asubuhi watampigia simu ya msiba.

"Jumapili ijayo, ndugu yangu," alisema. "Ameshaanza kupanda mlima."

Leonardi akatabasamu kuelekea upande ambao sauti ilitoka.

"Haya. Utanikuta."

Alhamisi akafariki. Walimzika palepale nyumbani, karibu na zizi, na Isaya alishika koleo pamoja na vijana mpaka mikono ikachubuka. Hakulia mbele za watu. Alirudi Nyakato, akakifunga kitabu ndani ya kitambaa cha suti, akakisukumia chini ya meza. Akawa fundi wa haraka. Wateja walifurahi, na yeye furaha yao ilimuumiza.

Alipokwenda tena Butiama, mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza. Alikwenda kumsalimia mjane, na kitabu alikibeba bila kujua atakifanya nini. Ghati alimkaribisha, akamimina chai, akakaa kwenye kiti cha kando ya kitanda ambacho siku zote kilikuwa cha Isaya.

"Shemeji," alisema, "yule binti alifikaga?"

Isaya aligeuka akamtazama.

"Nilikuwaga nasikiliza toka jikoni. Nilikuwa siongezi kuni, maana zinapasuka, zinanipotezea maneno." Akajifuta macho kwa pembe ya kanga. "Jumapili ile ya mwisho na yeye aliniuliza mimi. Usiku wote ananiuliza, unadhani atafika? Nikamwambia lala, Isaya anakuja Jumapili."

Isaya alikifungua kitabu. Akaanza kusoma. Msichana alipanda. Akageuza ukurasa. Alifika juu, akakuta jiwe kavu, akapiga magoti. Akageuza ukurasa. Akamimina, na kule chini kabisa, kwenye vumbi la kwao, ng'ombe mmoja akainua kichwa. Akageuza ukurasa, na hapo hapakuwa na kitu tena.

Alidhani kurasa zimenyofoka. Akafunua mbele. Ilikuwa sura ya kwanza ya riwaya nyingine kabisa, ya yule mwenye jina kubwa anayejulikana dunia nzima, imetiwa mwishoni kama tangazo, na sura ya pili, na ya tatu. Unene wote ule ulikuwa wa mtu mwingine. Isaya alijua wachapishaji huwa wanafanya hivyo. Siku zile hakutaka kujua.

"Basi?" Ghati aliuliza.

"Basi. Amefika."

"Kumbe alikuwa karibu hivyo."

Isaya alikifunga kitabu. Alinyoosha mkono akachukua kikombe chake, akakipeleka mdomoni. Chai ilikuwa bado inaunguza.