Mistari Minne Mitupu

Kazini walimwita Nukta. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akinakili kwa hati mkato kila neno la vikao vya halmashauri, hata kikohozi cha mwenyekiti. Hotuba kwake zilikuwa kama mvua kwa mwenye mwavuli: zilinyesha, yeye hakulowa.

Mume wa dada yake, fundi saa aliyehamia mjini hapo akiwa kijana, hakuacha kumtania. "Shemeji, wewe hata ukifa utaamka kwanza uandike waliochelewa mazishini!"

Jumamosi moja Nukta alitumwa uwanjani kunakili hotuba ya mgombea. Mgombea alianza kwa upole, kama anayebembeleza mtoto. Akataja bei ya unga, karo, viatu vya shule. Nukta akaandika. Kisha sauti ikapanda: maduka ya sokoni ni ya nani, na wenye mji wanalala wamekula nini? Uwanja ukanguruma. Yalipofuata maneno yenyewe, Nukta alijikuta amesimama, viganja vinamuwasha, penseli iko vumbini.

Saa moja baadaye kundi la watu lilivunja maduka ya wahamiaji. Fundi saa alikanyagwa mkono wa kulia. Vidole vitatu vikavunjika.

Tume ya uchunguzi ilipoundwa, mgombea alikana kumtuma mtu yeyote. Kila shahidi alikumbuka lake. Likabaki daftari la Nukta.

"Kaka, wewe si hukosi neno?" dada yake alimuuliza.

"Kuna mistari minne mitupu."

"Basi ijaze! Ulikuwepo."

Alijaribu kukumbuka. Kilichomjia ni joto la viganja tu.

Fundi saa aliinua macho kutoka kwenye bendeji. "Na hapo shemeji ulikuwa unafanya nini?"

Nukta alifunga daftari.

Jibu alilitoa mbele ya tume. Alisoma hati yake kwa sauti kavu, na alipofika kwenye ile mistari hakuiruka. Alikuwa ameandika pembeni: *Hapa mwandishi aliangusha penseli, akapiga makofi.*

Wakili wa mgombea akafunga jalada lake, akashukuru: maneno ya kumtia hatiani mteja wake hayakuwamo.

Siku hizi Nukta akitoka kazini hupitia kwa shemeji yake, akamshikia saa huku mwenzake akikaza skrubu kwa mkono wa kushoto. Utani umekwisha.

"Shika vizuri," huambiwa. Naye hushika.