Beseni la Maji Safi

Mchungaji aliponiomba nisimame mlangoni nikichagua miguu, nilipaswa kukataa. Nilikubali. Kanisa letu hapa Likasi lilikuwa likingoja wageni kutoka Lubumbashi, na yeye hakutaka waone beseni lenye matope. Mimi nilikuwa mzee wa kanisa, niliyejifunga taulo jeupe kila mwaka siku ya kuoshana miguu, nikaona amenipa heshima.

Siku hiyo tunakumbuka jinsi Yesu alivyoinama mbele ya wanafunzi wake. Lakini kwetu kila mtu hujiosha kwanza nyumbani. Wanawake husugua visigino kwa jiwe, wanaume hupaka mafuta na kuvaa soksi mpya. Tunamletea Mfalme miguu isiyomhitaji. Wakati huo niliona ni adabu tu.

Mdogo wangu wa tumbo moja alikuwa mchimbaji wa madini huko Kamatanda. Aliacha kusali tangu mkewe alipofariki. Nilimbembeleza sana aje, na mwishowe akaniahidi. Akaja kweli, moja kwa moja kutoka shimoni, akisukuma baiskeli, udongo mwekundu umemkaukia hadi magotini.

"Yaya," akaniambia akicheka, kama tunavyomwita ndugu mkubwa, "leo njo weye utanisafisha? Utatoka jasho."

Nikamwonyesha bomba la uani. "Enda kwanza kwa robine. Kuko bageni."

"Kama minye najisafisha, weye iko na taulo ya kazi gani?"

Waliokuwa karibu wakacheka. Nikaona haya, na haya ile ikageuka ukali. Nikamwambia kwamba nyumba ya Mfalme haiingiwi hivyo. Akageuza baiskeli, akaondoka.

Ndani niliosha miguu ya wageni. Maji yalibaki maangavu hadi mwisho, na mchungaji akanishukuru mbele ya watu wote. Nilifurahi.

Nimeisoma habari ile ya Yesu kuosha miguu mara nyingi tangu hapo. Wanafunzi wale walikuwa wametembea kwenye vumbi. Yesu alijua kwamba yeye ni Mfalme, kwa hiyo hakuogopa kuinama. Mimi sikuwa na hakika hata na cheo changu kidogo, nikakilinda kisichafuke. Ufalme wake ulifika pale mlangoni na udongo wake, nami nikaurudisha.

Baadaye nilimfuata mdogo wangu Kamatanda kumwomba radhi. Alinipa kiti na maji ya kunywa, akasema hana kinyongo. Nilipotaja kanisa akajibu polepole, "Yaya, kule ni kwenu." Akahamia Kapolowe kulima, akaugua huko, akafa. Alikuwa ameagiza tusimwombee kaburini, nami nilisimama pale kimya kama jirani aliyepita njia.

Alikuwa ndugu yangu wa pekee. Alikuja kumrudia Mungu, na mimi nikamzuia mlangoni. Nilimpoteza, naye akafa bila kurudi.