Kipofu wa Gofu

Kabla sijaeleza aibu yenyewe (na ni aibu, sitaipunguza wala kuipaka rangi), yafaa nitangulize hali ilivyokuwa, kwa sababu asiyeijua hali ataniona mwendawazimu, ilhali mimi nilikuwa mjinga tu, tena mjinga mwenye utaratibu.

Ilikuwa miaka ile ambayo biashara ya kahawa ilikuwa imefunguliwa. Ushirika haukuwa tena mnunuzi wa pekee, na mjini Mbinga ziliingia kampuni za watu binafsi pamoja na magari yao, mizani yao na mameneja wao. Mmoja wa mameneja hao, Bwana Shirima, mtu wa Moshi, alikuja na fimbo za gofu ndani ya mfuko mrefu ambao walinzi wa ghala walidhani ni wa bunduki. Alijaribu kucheza Mbinga akashindwa, maana milima ya Umatengo haina tambarare: mpira usipotumbukia katika ngoro za mahindi (yale mashimo tunayolimia mteremkoni, ambayo kwa mcheza gofu ni mengi kupita mahitaji), basi unabingirika hadi bondeni kwenye shamba la mtu mwingine. Kwa hiyo kila Jumamosi aliteremka hadi Lundo, mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako mpunga ukishavunwa ardhi hubaki wazi na sawa mpaka karibu na mchanga.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari, Mmatengo, Mkatoliki niliyelelewa seminari, na nilikuwa nimepeleka posa kwa Esta, mwalimu mwenzangu, binti wa familia ya Kianglikana ya palepale Lundo. Suala la madhehebu lilikuwa limezungumzwa na kuwekwa kiporo. Baba yake alikwisha kusema kwamba yeye hana neno, mkewe akiridhika. Lililobaki, basi, lilikuwa neno la mama, nalo lilikuwa litolewe Jumamosi moja ya kiangazi mbele ya mshenga wangu, baba mdogo Osmund. Desturi ya pande zote mbili, yao na yetu, haina utata: tangu posa inapopokelewa, mama yule ni mkwe wako. Ukikutana naye njiani unapisha, unachutama kando, unapiga makofi taratibu na kusalimia ukitazama chini. Humshiki mkono. Huli mbele yake. Mimi na yeye tulikuwa hatujawahi kuonana hata kwa mbali, jambo nililolichukulia kuwa ni salama yangu.

Busara ingeniweka Mbinga siku hiyo. Lakini gari lililokuwa likimteremsha baba mdogo ni lile la Bwana Shirima, nami nilitamani kulisikia jibu siku ileile (nilikuwa sipati usingizi, na wanafunzi wangu walikuwa wamekwisha kugundua kwamba ninasahihisha makosa ambayo hawakuyafanya), hivyo nikaamua kwenda nao na kusubiri nikicheza gofu, mchezo ambao sikuujua.

"Utahitaji miwani," Bwana Shirima aliniambia siku chache kabla. "Jua la ziwani linakupiga kutoka juu na kutoka majini. Tafuta ya kahawia. Hiyo inakuonyesha majani yamelalia upande gani. Na iwe myepesi, ikushike vizuri, maana gofu ni kuinamisha kichwa."

"Na myeusi?"

"Myeusi ni ya kupigia picha, Mwalimu."

Nilikwenda gulioni na kuichunguza miwani ya mitumba kwa makini ambayo sikupata kuyatumia hata katika kuchagua kazi. Kila moja niliielekeza angani, kisha kwenye majani, kisha kwenye maandishi madogo ya kitabu nilichokuwa nacho mfukoni. Niliinamisha kichwa, nikatikisa, nikapima uzito kwa kiganja. Miwani ya kahawia ilikuwepo, ilinikaa sawasawa, na kila hoja iliiunga mkono. Ndipo muuzaji, aliyekuwa amechoka kunitazama, akasema, "Chukua basi hiyo ya kahawia, Mwalimu. Ni ya mtu aliyekwisha kuoa." Kisha akanishikia kioo nikiwa nimevaa ile myeusi.

Nilinunua ile myeusi. Ilikuwa mizito, mipana kuliko uso wangu, na giza lake lilikuwa kama la chumba kilichofungwa madirisha. Kwa kuwa iliteleza kila nilipoinama, niliishonea lastiki nyuma nikaikaza kisogoni kwa fundo, na ili isinielemee puani nikajizoeza kutembea nikiwa nimeinua kidevu. Naomba msomaji ashike mambo hayo matatu, giza, lastiki na kidevu, kwa sababu ndiyo yaliyoniponza.

Tulipofika Lundo baba mdogo aliteremka garini, akalinyoosha koti lake, akanitazama kwa muda.

"Macho yamefanya nini?"

"Hayana neno, baba. Hii ni miwani ya gofu."

"Haya. Kaa hukohuko na mchezo wako. Usionekane."

"Sitaonekana."

Akaenda zake kwa wakwe. Sisi tukaanza kupiga mpira katika mabua ya mpunga, Bwana Shirima akiupeleka alikotaka, mimi nikiupeleka alikotaka Mungu, hadi pigo langu moja (zuri kuliko yote, hata yeye alilisifu) lilipouvusha mpira juu ya matete na kuuangusha ufukweni. Yeye alikuwa akiutafuta wake upande wa pili. Nikaenda peke yangu.

Sasa, ufukwe ule ulikuwa umeanikwa usipa, vile visamaki vyembamba vya ziwa letu, vilivyotandazwa juu ya nyavu kuukuu kutoka kwenye matete hadi karibu na maji, vyeupe, vinameta. Kuutafuta mpira mweupe humo kwa macho mazima kungekuwa kazi. Kwa miwani ile kila kitu kilikuwa mng'ao mmoja wa kijivu. Nikaanza kupapasa kwa ncha ya fimbo, kidevu juu, hatua kwa hatua, nikisikiliza kama itagonga kitu kigumu.

"Jamani, mshikeni yule baba, anatukanyagia usipa," ilisema sauti ya mwanamke.

"Usimkaripie, wifi," ikajibu nyingine, ya mtu mzima zaidi. "Huoni kwamba haoni?"

Katika mwambao ule, miaka ile, aliyevaa miwani myeusi ya kufungwa kisogoni alikuwa ametoka kupasuliwa mtoto wa jicho kwenye hospitali ya misheni. Ongeza fimbo, ongeza kidevu. Hata mimi ningetoa hukumu hiyohiyo. Ningeweza kuikanusha palepale. Lakini nilikuwa nimekwisha kukanyaga usipa wa watu, na niliona ni aibu ndogo zaidi kuwa kipofu kwa kitambo kuliko kuwaeleza akina mama waliokuwa kazini kwamba mimi, mtu mzima mwenye akili timamu, nilikuwa nikitafuta kijipira. Nikanyamaza. Mkono mkavu, wenye magamba ya samaki, ukanishika wangu.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba, baba. Pole na macho. Nani amekuacha peke yako?"

"Mwenzangu yuko nyuma." (Hili lilikuwa kweli, na ndilo la mwisho kuwa kweli kabisa.)

Alinivuta taratibu hadi kwenye banda la makuti. Humo ndani, kwa vile nilitoka juani na miwani yangu ilikuwa giza tupu, sikuona chochote, nikagonga paji la uso kwenye nguzo. Wote wawili wakasema "pole" kwa pamoja, na kesi yangu ikawa imefungwa. Nikaketishwa mkekani.

"Mama Esta," alisema yule wifi, "mpe maji anawe, ugali umeiva."

Akina Esta ni wengi mwambao ule, ni jina la Biblia. Nilijifariji hivyo kwa muda wa pumzi moja.

"Leo si ndiyo siku ya wale wa Mbinga?" wifi aliendelea.

"Ndiyo. Mshenga wao yuko nyumbani sasa hivi na baba Esta. Nitapanda nikimaliza kugeuza usipa."

"Utawaambia nini?"

"Sijui, wifi. Mtoto anamtaka. Nasikia ni msomi, anasoma hata akila. Mambo ya kanisa tutaelewana, wote tunasali. Mimi ninachoogopa ni mtu asiye na adabu. Hilo likinithibitikia leo, nitakataa, Esta alie hadi anyamaze."

Akanimiminia maji mikononi, akanisugua vidole kama mtoto. Akamega tonge la ugali wa muhogo, akalitia kiganjani mwangu. Akamchambua miiba mbasa, samaki wa ziwa letu, akanilisha kipande cha kwanza kwa mkono wake, mwiba usije ukanikwama. Nilimeza. Mkwe alikuwa amenishika, amenishikilia, ameninawisha na amenilisha, na nilikuwa nikitafuna mbele ya uso wake. Kuvua miwani wakati huo kungekuwa kumwambia kwamba nilimwacha afanye yote hayo nikiwa naona. Kutovua kulikuwa kuendelea kula. Nikaendelea kula, na (nisiwe mwongo mara mbili) mbasa alikuwa mtamu.

"Wewe baba unatoka wapi?" aliniuliza.

"Milimani, mama."

"Basi unawajua. Wana adabu watu wa huko?"

"Wapo wanaojitahidi," nilisema.

Hapo ndipo kivuli kirefu kilipoziba mlango wa banda, na Bwana Shirima, fimbo begani, akauliza kwa sauti yake ya ghalani, "Mwalimu, mpira wako umeuona?"

Kisha wifi akasema kwa upole, "Kaka, unamwuliza kipofu kama ameona?"

"Kipofu yupi? Huyu? Huyu ndiye aliyenionyesha ng'ombe njiani, mimi nilikuwa sijamwona."

Nikaivuta miwani. Lastiki ilikaza nywele, miwani ikapanda hadi katikati ya paji la uso ikagoma, na kwa mara ya kwanza nikamwona mama mkwe wangu, mfupi wa kimo, kitambaa cha bluu kichwani, tonge lingine tayari mkononi. Hapo bado ningeweza kupona, kwa maana hakunijua. Ningekuwa mlaghai tu asiye na jina, mla ugali wa watu. Lakini mwili una malezi yake. Kabla sijafikiri nilikuwa nimeruka kutoka mkekani, nimechutama kando ya mlango, macho chini, nikipiga makofi taratibu.

Hakuna anayemchutamia hivyo mama asiye mkwe wake.

"Mama Esta," wifi alisema polepole, "huyu anakusalimia kimkwe."

Mama alilirudisha tonge sahanini. Alijifunika uso kwa kanga, akatoka, na nikausikia mchanga ukilia chini ya miguu yake hadi ukanyamaza. Wifi alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akakaa chini.

"Mkwe," aliniuliza, akijifuta machozi, "umeshiba, au nikuongeze?"

Tulikuwa njiani kurudi, gari limeanza kupanda milima, baba mdogo aliponigeukia.

"Nilikuambia usionekane."

"Ndiyo, baba."

"Wewe umekula."

Bwana Shirima alitazama barabara kwa bidii kubwa.

"Jibu halikutolewa," baba mdogo alisema baadaye. "Mama ameingia chumbani, amegoma kutoka. Esta mwenyewe ndiye aliyetuletea maji, naye hakunitazama."

Nimeyapima mambo hayo mara nyingi, na fundisho langu ni hili: miwani huchaguliwa kwa ajili ya kuona, si kwa ajili ya kuonwa, na anayengojea neno la wakwe angojee nyumbani kwake akiwa na kitabu. Wazee wa pande mbili walikaa, wakatoza mbuzi na doti ya kanga ili kuosha ile aibu, nasi tukavipeleka bila kubishana. Mama alikaa kimya mpaka mvua zikaanza. Kisha alimwita baba mdogo akamwambia kwamba kuchutama kijana anakujua, kilichobaki ni kufundishwa wakati wake, na kwamba amekubali. Ndoa ilifungwa mwaka uliofuata, baada ya kahawa kuuzwa. Gofu sijacheza tena.