Kisanduku cha Kunyamazisha Amplifaya

Tulikuwa tunapiga kwenye harusi moja Kombani, mimi na gitaa langu, mke wangu na maikrofoni yake, alipogeuka katikati ya wimbo akaniuliza mbona nimezima spika ya upande wake wa kulia. Sikuwa nimezima chochote. Nilimwonyesha kwa kidevu kwamba spika inalia, na watoto wako mbele yake wanacheza. Akaitazama, akaigusa kwa kiganja, kisha akamaliza wimbo akiwa amekilaza kichwa upande mmoja, kama kuku anayesikilizia mwewe. Watu walidhani ni madaha ya uimbaji. Wakainuka kumtunza pesa.

Tuliporudi nyumbani Kinondo, alikaa kitandani bila kuvua mtandio wake.

"Sikio hili limekufa," akasema.

"Labda ni uchovu. Ulale kwanza."

"Mume wangu, najua kuchoka. Huku si kuchoka."

Hospitalini Msambweni walimpima, wakatuelekeza kwa daktari wa masikio Mombasa. Daktari alikuwa mpole. Alisema mshipa wa kusikia umeharibika na hawezi kutuambia kwa yakini umeharibiwa na nini. Akampa vidonge, akasema sikio la kushoto linaweza kufuata nyayo za mwenzake au lisifuate. Mke wangu akaitikia "Alhamdulillahi" kwa sauti ile ile ya mtu aliyeulizwa habari za nyumbani. Kwenye feri tu, wakati wa kurudi, ndipo aliponishika mkono na hakuuachia mpaka tulipofika Likoni.

Kwa miaka mingi tulikuwa tunafanya kazi katika mahoteli ya Diani. Yeye ndiye aliyekuwa na jina. Mimi nilijulikana kama mpiga gitaa wa yule mwanamke, na sikuona haya. Wageni walitaka nyimbo wanazozijua wao, nasi tuliwapa. Nyimbo zetu wenyewe, zile tulizotunga nyumbani, tuliziimba kwenye harusi za jamaa tu, na hatukuwahi kuzirekodi. Tulikuwa tunasema tutazirekodi mambo yakitulia.

Sikio lililobaki nalo likageuka. Sauti ndogo alizisikia vizuri, lakini sauti kubwa zilimchoma. Sufuria ikianguka jikoni alikuwa anainama na kushika kichwa. Basi mimi nikaacha kuiwasha amplifaya yangu. Ni ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka ndani kama balbu, ya zamani, nzito kama mfuko wa saruji. Niliachiwa na Mzungu mmoja aliyefunga nyumba yake Galu akarejea kwao. Amplifaya ya namna hiyo ina tabia yake. Ukiipiga kwa sauti ya chini inakuwa bapa, haina utamu. Ukiifungulia mpaka valvu zikapata moto, hapo ndipo inapoanza kuimba, na hapo husikika hadi kwa jirani wa tatu. Nikawa napiga gitaa kavukavu, bila umeme, nikiwa nimekaa uani mbali naye.

Siku moja alinifuata huko uani.

"Mbona umeifanya nyumba kuwa ya matanga? Kuna aliyekufa?"

"Naogopa kukuumiza."

"Unaniumiza hivi hivi," akasema. "Nataka turekodi nyimbo zetu. Sasa, wakati bado najisikia."

Nilikwenda Ukunda kwa rafiki yangu, mtu wa bara anayetengeneza na kukodisha mitambo ya muziki. Nilipomweleza alicheka kwa huruma.

"Boss, mbona ujisumbue na hilo dude lako? Siku hizi sauti ya amplifaya yoyote iko ndani ya kompyuta. Unachomeka gitaa, unachagua, umemaliza. Nani atajua?"

Nikampelekea mke wangu maneno hayo kama yalivyo. Alikuwa anachambua mchele, hata hakuinua macho.

"Mwambie mimi nitajua."

Alikuwa na haki. Kwa muda wote wa ndoa yetu alikuwa ameiegemeza sauti yake kwenye sauti ya amplifaya ile. Alijua mahali inapokwaruza na mahali inapolainika, na alijua lini aingie. Rafiki yangu aliposikia jibu lile aliacha kucheka. Akaniambia basi ninachohitaji ni lodi boksi.

Nitaeleza kwa asiyeijua. Ukichomoa spika kwenye amplifaya ya valvu kisha ukaiwasha hivyo hivyo, unaiua. Nguvu zake zinakosa pa kwenda na transfoma inaungua. Lodi boksi ni kisanduku kinachochomekwa mahali pa spika. Kinazipokea nguvu zote kimya kimya, amplifaya ikidhani ingali na spika yake, na pembeni kinatoa uzi mwembamba tu wa sauti unaokwenda kwenye kompyuta na kwenye hedifoni. Amplifaya inaweza kuwa imefunguliwa mpaka mwisho, na mtu aliyelala chumba cha pili asigutuke. Anayesikia ni aliyevaa hedifoni, naye anajipimia kiasi anachokiweza.

Rafiki yangu alikuja Kinondo asubuhi moja akiwa na visanduku vitatu alivyoazima kwa wenzake. Vyote vilikuwa vya omu nane kama spika yangu, na vyote viliweza kubeba wati nyingi kuliko za amplifaya. Kimoja, alisema, ndani yake mna rizista tu, kinameza nguvu na kuzigeuza joto. Viwili vingine vilikuwa na koili na kapasita. Hivyo viwili hushindana na amplifaya namna spika ya kweli inavyoshindana nayo, hukataa kidogo kwenye besi na hukataa tena kwenye sauti nyembamba, na katika kule kukataana ndimo utamu unamotoka. Nilielewa nusu. Mke wangu, aliyekuwa anaitazama midomo yake, akasema, "Kama mke na mume," na sote tukacheka.

Alikaa kwenye mkeka akatupa mgongo, hedifoni kichwani.

"Msiniambie ni kipi. Piga tu."

Nikapiga mapito, sehemu ya gitaa inayotangulia sauti, ya wimbo wetu mmoja kupitia kisanduku cha kwanza, kile cha rizista. Alisikiliza akitikisa kichwa polepole.

"Nyuzi nazisikia. Mkono wako siusikii."

Rafiki yangu akahamisha waya. Nikapiga yale yale. Mabega ya mke wangu yakalegea, nikajua amenisikia.

"Huu ndio mkono wako. Lakini mna mbu humu."

Mimi na fundi tulitazamana. Hatukusikia mbu wala nzi. Tukainama mpaka karibu na kisanduku, na kweli, kipepeo cha kukipoza, feni ndogo ya ndani, kilikuwa kinapiga mluzi mwembamba sana. Yeye mwenye nusu ya masikio alikuwa ameusikia ukipenya kwenye hedifoni, na ulikuwa unamchoma.

Cha tatu kilikuwa kikubwa zaidi na hakikuwa na kipepeo. Nikapiga. Nilifika mwisho wa mapito, akanionyesha kwa kidole nirudie, nikarudia. Kisha akaanza kuimba kwa sauti ya chini, pale pale, mgongo ukiwa bado kwetu. Alipomaliza akasema, "Hiki."

"Huyu atapata moto kama jiko," rafiki yangu akaonya. "Hana kipepeo, mama. Usimfunike na kitu."

"Atakaa sakafuni kwenye saruji. Sitamfunika."

Tukaagiza kama kile. Kilipofika tulihamisha kabati la nguo, tukaning'iniza mablanketi ukutani, na chumba cha wageni kikawa studio. Tulikuwa tunafanya kazi asubuhi, kabla jua halijayapasha moto mabati. Aliyepita nje alimsikia mwanamke anaimba peke yake na nyuzi kavu zinatekenywa, basi. Jirani mmoja alichungulia dirishani, akaniona natikisa kichwa kwa nguvu pasi na muziki, akaenda kutangaza kwamba maradhi ya mke yamempanda na mume. Mke wangu alilicheka jambo hilo siku nzima.

Nyimbo zilikuwa tatu. Wa kwanza ulimhusu mama yake, aliyemlea kwa kuuza vitumbua barabarani. Wa pili ulikuwa wa bibi harusi. Wa tatu tuliutunga mwaka tuliooana, baada ya ugomvi wetu wa kwanza. Hatukuwa tukisemezana, basi nikampigia gitaa ubeti mmoja kutoka barazani, naye akanijibu kwa ubeti kutoka jikoni, mpaka tukajikuta tumepatana na wimbo umekwisha.

Wa kwanza tuliurekodi vizuri. Wa pili pia, ingawa ulituchukua muda zaidi. Alikuwa anaongeza sauti ya hedifoni kila siku, kidogo kidogo, na mimi nilikiona kitufe cha sauti kinavyosogea. Kisha asubuhi moja, tukiwa kwenye wa tatu, aliteleza nje ya wimbo. Kidogo tu. Yeye, ambaye hata akiwa na homa hakuwahi kuteleza. Nikaendelea kupiga, lakini uso wangu ulikuwa umeshasema.

Akavua hedifoni.

"Nimepotea, sivyo?"

"Kidogo sana. Tunaweza kurudia."

"Tangu lini?"

"Tangu ubeti wa pili."

"Mimi niliona niko sawa," akasema. Akaivaa tena. "Haya, turudie."

Tulirudia mpaka sauti yake ikakauka, na hatukupata hata mara moja iliyonyooka. Tukarudi Mombasa. Vidonge vikaongezwa, akapewa na kifaa cha sikioni, na kwa muda kikamsaidia kuzungumza na watu. Muziki hakikuusaidia. Alisema ndani yake gitaa langu linalia kama bati linalokatwa.

Ile asubuhi ya mwisho alikuja mwenyewe chumbani, ameoga, amejitia asumini. Akakaa, akavaa hedifoni, akanipa ishara kwamba yuko tayari. Nikaanza wimbo wa tatu. Nilipiga mapito, nikafika mahali anapoingia, hakuingia. Nikazunguka tena. Alikuwa ananitazama kwa subira, mikono mapajani, akitabasamu kidogo kunitia moyo.

"Washa basi," akasema.

Amplifaya ilikuwa imewaka. Kisanduku kilikuwa cha moto. Vidole vyangu vilikuwa vinatembea kwenye nyuzi mbele ya macho yake. Akavitazama vidole, kisha akanitazama usoni, na lile tabasamu likaondoka polepole. Sikuacha kupiga. Sikujua nikiacha nitafanya nini. Yeye ndiye aliyenyoosha mkono akazilaza nyuzi.

Majuma yaliyofuata tulizungumza kwa kuandikiana kwenye simu na kwa kutazamana midomo. Nilipatwa na wazo, nikaona ni la akili. Niliking'oa kile kisanduku, nikairudishia amplifaya spika yake, nikaifungulia kabisa. Hakukuwa tena na sikio la kuogopea. Nikamwita, nikakishika kiganja chake nikakiweka kwenye kabati la spika, nikapiga kwa moyo wangu wote mpaka vikombe vikacheza kabatini na jirani akatoka nje. Alifumba macho. Nikadhani amefika. Kisha akautoa mkono akaufuta kwenye kanga, kama mtu aliyeshika kitu kibichi.

"Inatetemeka tu," akasema. Sauti yake ilikuwa kubwa kupita kiasi, maana hakujisikia tena. "Mashine ya kusaga nayo hutetemeka. Nilikuwa nataka gitaa."

Sikumfanyia tena jambo lile.

Hotelini nilipewa mwimbaji mwingine, msichana aliyekuja kutoka bara, mwenye sauti safi na heshima zake. Ni mke wangu aliyesema msichana yule auimbe wimbo wa tatu. Nilikataa. Nikamwandikia kwamba wimbo ule ni wetu, heri ubaki na gitaa peke yake.

"Wimbo usioimbwa ni mapito tu," akasema. "Mlete."

Nilirudisha kisanduku mahali pake. Msichana alikuja Jumamosi, akapiga magoti kidogo mlangoni akisema "Shikamoo, mama," na mke wangu, aliyeisoma salamu ile midomoni mwake, akamjibu "Marahaba, mwanangu," akamkaribisha. Alituletea chai na mihogo. Kisha badala ya kutoka akaegemea mlango akamtazama msichana akiimba. Chumba kilikuwa kimya vile vile, amplifaya inaimba ndani ya waya, sisi wawili tunaisikia na yeye haisikii.

Baada ya ubeti wa kwanza aliinua mkono tusimame. Akamwendea msichana, akamgusa begani.

"Unavuta pumzi mapema. Bega lako linapanda kabla ya neno 'rudi'. Subiri. Mwache yeye apige mara mbili, ndipo uvute."

Msichana alinitazama, nami nikaitikia kwa kichwa. Alifanya kama alivyoelekezwa. Ubeti ukakaa sawasawa, ukakaa mahali pake kabisa, na nikapiga mpaka mwisho nikiwa nimeinamia gitaa ili msichana asinione uso. Nilipoinua kichwa mlangoni hapakuwa na mtu.

Nilimsindikiza msichana mpaka barabarani, nikarudi, nikamkuta mke wangu uani, ameikalia mbuzi, anakuna nazi ya chakula cha mchana. Nikachuchumaa mbele yake ili anione midomo.

"Ameimba vizuri?" akaniuliza.

Nikaitikia.

"Ile 'rudi' ameipata?"

"Ameipata."

"Namna yangu?"

Nilitaka kumjibu lakini midomo yangu haikuweza kutengeneza neno, na yeye alihitaji neno la kuona. Kisha akainama akaendelea kukuna. Nazi ilikuwa imekwisha. Meno ya mbuzi yalikuwa yanakwaruza kifuu kitupu, krr, krr, sauti kavu ya kutia ganzi meno, naye hakujua. Machozi yalikuwa yanamdondokea kwenye sinia. Nikaushika mkono wake, ule wenye kifuu, nikauzuia, tukakaa hivyo hivyo uani mpaka muadhini akaadhini adhuhuri, nami nikamgusa bega kumwambia.