Samahani Tatu

Nilicheza beki wa kati kwa miaka kumi na minne, sita kati ya hiyo nikiwa Oman. Watu wakinikuta sokoni Tanga huniuliza swali lile lile: mshambuliaji gani alikusumbua zaidi? Huwa nawatajia jina lolote linalonijia, nao huridhika. Ninayemfikiria hasa hakuwa mtu maarufu. Nilicheza naye mechi moja tu, tena yeye hakuimaliza.

Nimekulia Makorora. Mama alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Moa, na baba alikuwa mlinzi wa ghala la katani. Kwenye chandimu nilikuwa mshambuliaji, maana mtaani kwetu kila mtu alikuwa mshambuliaji. Nilipofika sekondari mwalimu wa michezo akanirudisha nyuma. Alisema nina urefu na sina haraka. Nililia siku hiyo. Baba ndiye aliyefurahi.

"Sasa sote walinzi," aliniambia.

Hakuwahi kuujali mpira wenyewe. Nikirudi kutoka uwanjani alikuwa na maswali mawili tu: yule mtu alitaka nini, na mimi nilimkatalia vipi. Hakuniuliza mabao. Nadhani maswali yale yalinifundisha kazi kuliko makocha wengi niliokutana nao baadaye.

Nilipitia timu ya mkoa, nikaingia ligi kuu, na nikiwa na miaka ishirini na mitano wakala mmoja akanipeleka Oman, kwenye mji wa pwani ambao jua lake lilinifanya nilione la Tanga kuwa kivuli. Timu ilinipangia chumba juu ya duka la viungo. Kiarabu changu kilikuwa cha madrasa: niliweza kusoma sura ndefu bila kukosea, lakini sikuweza kuomba chumvi mezani. Nahodha, ambaye ndiye niliyecheza naye pale katikati, alinifundisha maneno kama ishirini ya kupiga kelele. Panda. Rudi. Niachie. Nyuma yako. Kwa misimu miwili hayo ndiyo yalikuwa karibu mazungumzo yangu yote na wanadamu.

Kucheza ulinzi ugenini kuna upweke wake. Mshambuliaji wa kigeni akikosa leo, watu humngoja kesho. Beki akikosea mara moja, huulizwa kwa nini aliletwa, kwani mabeki hapa hawapo? Kwa hiyo nilijifunza kuwa mgumu. Nilicheza kama mtu anayelinda kibali chake cha kuishi, na kusema kweli ndicho nilichokuwa nikilinda.

Msimu wa tatu tulicheza na timu ya mji wa jirani. Walikuwa na winga mmoja, kijana wa miaka kama ishirini, mwembamba, mwenye mazoea ya kutabasamu akiwa na mpira. Kipindi cha kwanza alinipiga tobo, mpira ukapita katikati ya miguu yangu. Uwanja ukacheka. Kipindi cha pili akanipiga kanzu, mpira ukanipita juu ya kichwa na yeye akanipita pembeni. Safari hii hata benchi letu lilicheka. Nilimwona kocha wangu akijifuta mdomo kuficha kicheko.

Nikajisemea kimoyomoyo, kwa Kiswahili: ukija tena, utaondoka na alama. Maneno hayo nayakumbuka vizuri kuliko matokeo ya mechi.

Akaja tena. Mpira ulimtoka kidogo mbele. Ningeweza kusimama, nikampunguzia kasi, nikamsukumia kwenye mstari, kama nilivyofanya mara elfu kabla ya siku ile. Niliteleza chini. Niliupata mpira, na picha za televisheni zinaonyesha hivyo. Kitu ambacho picha hazionyeshi ni goti langu. Beki asiyetaka kumuumiza mtu, akishaupata mpira hukunja goti, mguu usiendelee mbele. Mimi sikulikunja. Nililinyoosha. Mlio uliotoka ulikuwa kama wa kuni kavu, na baada ya hapo nikasikia sauti yake.

Refa aliamuru mpira wa kurusha. Hakunipa kadi.

Katika chumba cha kubadilishia nguo kila mtu alinipiga bega. Mpira ulikuwa wako, walisema. Bahati mbaya, walisema. Meneja wa timu alinionya nisiende hospitali, kwa sababu watu wataona kama nimekubali kosa. Siku ya tatu nikanunua machungwa na kwenda.

Nilikuwa nimetunga sentensi zangu za Kiarabu njia nzima. Chumbani nilimkuta kijana amelala, mguu umefungwa plasta na kuinuliwa. Mama yake alikuwa dirishani. Kwenye kiti karibu na kitanda alikaa bibi mzee sana aliyejifunika shela nyeusi. Nilisema sentensi zangu, zikatoka vipandevipande. Kijana akanyoosha mkono tukashikana. Aliniambia ndivyo mpira ulivyo, na kwamba daktari amemwambia mfupa utaunga. Alikuwa anatabasamu hata pale.

Ndipo yule bibi akaniuliza, kwa Kiswahili:

"Weye mtu wa wapi?"

Nilishtuka mpaka machungwa yakaniponyoka. Nikapiga hatua nikainama.

"Shikamoo, bibi. Mimi mtu wa Tanga."

"Marahaba. Tanga naijua. Mie nimezaliwa Wete, nimeondoka Pemba mwari." Alinitazama kutoka miguuni hadi usoni. "Ndiye weye uliyemvunja mjukuu wangu?"

"Ndiye mimi, bibi."

"Ulikusudia?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo. Si refa, si kocha, si waandishi.

"Niliuchukua mpira kwanza, bibi."

"Sikukuuliza habari za mpira."

Sijui kama ningelisema kwa lugha nyingine. Kwa Kiarabu changu cha maneno ishirini ningejificha vizuri tu. Lakini mtu akikuuliza kwa lugha uliyolelewa nayo, na umemwamkia shikamoo, unakosa pa kukimbilia.

"Nilikusudia kumuumiza," nikamwambia. "Kidogo. Sikukusudia kumvunja."

Kijana na mama yake walikuwa wakitutazama kwa zamu, maana Kiswahili hawakukijua. Kijana akamuuliza bibi yake kwa Kiarabu: anasema nini? Bibi akamjibu, na kijana akaniitikia kwa kichwa, mkono wake kifuani. Kiarabu kile nilikielewa. Bibi alimwambia kwamba nasema samahani, samahani, samahani.

Kisha akanigeukia. "Hilo ulilolisema tumelisikia watu wawili tu. Likae hapo. Sasa nenda, mwanangu, na usirudi mpaka huyu atembee."

Nilitoka. Nje ya hospitali nilisimama muda mrefu bila kujua nielekee wapi.

Baada ya hapo sikuweza tena kwenda chini. Mshambuliaji akinijia nilimpisha hatua, na hatua nyingine, mpaka akafika alikotaka. Nahodha alinipigia kelele maneno yake yote ishirini na akaongeza mengine ambayo hakuwa amenifundisha. Tulifungwa mechi nne kwa sababu yangu. Kocha akaniweka benchi, na msimu ulipoisha nikarudi nyumbani likizo bila uhakika kama ningeitwa tena.

Mama aliniona nimekonda akaanza kunilisha. Baba alikuwa amestaafu wakati huo, alikaa barazani asubuhi na redio yake. Siku moja nikaketi naye nikamweleza yote: tobo, kanzu, goti, na maneno niliyosema kimoyomoyo. Alizima redio.

"Huyo kijana anajua?"

"Hajui. Bibi yake alimficha."

"Sasa mimi unaniambia ili iweje?"

Akaendelea, bila ukali: "Mimi miaka yote ile ghalani nilipewa filimbi na rungu. Rungu nililitumia mara chache, na mara zote hizo nilitangulia kupiga kwa sababu niliogopa au nilikasirika. Filimbi ilinitosha siku nyingine zote. Lakini hayo ni yangu. Yako kayamalize na mwenyewe."

Akawasha redio.

Niliitwa tena. Nilirudi Oman nikaanza kucheza mpira ambao sikuujua. Kwa kuwa sikuweza kuteleza, ilinibidi nifike mapema. Nikaanza kuwatazama washambuliaji mabegani, kabla hawajajua wenyewe wanageukia wapi. Nikaanza kusema mno uwanjani, nikiwapanga wenzangu dakika zote tisini, mpaka sauti ikawa inanikauka. Kocha mpya aliyekuja alinisifu kuwa nimekomaa. Sikumwambia kwamba ni woga uliotafuta pa kukaa.

Yule kijana alirudi uwanjani baada ya karibu mwaka mzima. Nilimwona kwenye televisheni akiingia dakika za mwisho, na nikaona mara moja kwamba kasi imekwenda. Alikuwa akiufikia mpira na kuutazama, kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta fenicha zimehamishwa. Nilimpigia simu, nikamwomba tukutane. Kiarabu changu wakati huo kilikuwa kimeshiba.

Tulikaa kwenye mkahawa karibu na bahari, asubuhi, hakukuwa na watu. Alifurahi kuniona. Alinieleza habari za mazoezi, za daktari, za mchumba wake. Alisema bibi huniulizia, yule Mtanga wangu hajambo? Nilimwacha amalize kahawa. Kisha nikamwambia. Sikuzungusha. Nilimwambia niliudhika, nikaamua, na sikukunja goti.

Alikiweka kikombe mezani polepole.

"Bibi aliniambia ulisema samahani mara tatu," alisema.

"Sikusema. Alinisitiri."

"Hakukusitiri wewe." Alitazama baharini. "Mwaka mzima nimelala na kuamka nikijiambia ni bahati mbaya. Nikiumia kwenye mazoezi najiambia, bahati mbaya, kama mvua. Mvua huwezi kuichukia. Sasa umenipa mtu wa kumchukia, na mtu mwenyewe nilikuwa nimempenda." Akasimama. "Ungeniacha na samahani zangu tatu."

Akaondoka. Alitembea vizuri, huwezi kujua kama hujaambiwa.

Nimelitafakari jambo hilo kwa miaka sasa. Nilidhani ukweli ni deni nililotakiwa kumpelekea. Huenda ulikuwa mzigo tu niliochoka kuubeba, nikamtwisha mtu ambaye tayari alikuwa na mguu mbovu. Lakini pia sijui kama ningeweza kukaa naye meza moja, nikicheka, nikiitwa Mtanga wangu, huku najua. Baba alipokuwa hai nilimuuliza kama nilikosea. Alisema yeye aliniambia niende, kwa hiyo kama ni kosa tugawane. Ni hayo tu aliyosema.

Kijana aliacha mpira misimu miwili baadaye, akapata kazi bandarini. Mimi nilicheza hadi goti langu mwenyewe likakataa, nikarudi Tanga nikasomea ukocha. Kila Idi nilimtumia salamu. Miaka mitatu ya kwanza hakujibu. Wa nne alijibu maneno mawili: na wewe.

Kisha mwaka jana, katikati ya wiki, akanipigia. Sauti yake sikuitambua mara moja. Alisema bibi amefariki, wameshamzika. Bibi alikuwa na ndugu Wete ambao akiwapigia mwenyewe, namba zote zilikuwa kichwani mwake, hakuziandika popote. Nyumbani kwao hakuna tena ajuaye Kiswahili.

"Wewe uko karibu," alisema. "Na lugha unaijua. Sina mwingine wa kumwomba."

Nilipanda meli ya Pemba siku iliyofuata. Wete si mji mkubwa, na ukitaja ukoo wa mtu aliyehamia Arabuni wazee hukuelekeza. Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama mmoja mtu mzima, mtoto wa dada wa bibi. Alikuwa akipepeta mchele. Nilimwamkia, nikamwambia nimetoka Tanga, nimetumwa na mjukuu wa mama yake mdogo, na kwamba mama yake mdogo ametangulia mbele ya haki.

Aliuweka ungo chini. "Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun." Alikaa na machozi yake, nami nikangoja. Kisha akaniuliza kama aliugua, alizikwa wapi, nani alikuwa naye. Nilichokijua nilimwambia. Nisichokijua nikampigia kijana, nikawa natafsiri huku na huku, maswali ya Pemba na majibu ya Oman, mpaka wote wawili wakachoka kulia.

Nilipokata simu alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza.

"Aliwahi kutwambia mjukuu wake kavunjwa mguu na Mtanga," alisema, "na huyo Mtanga akenda hospitali kumtazama. Ni weye?"

"Ni mimi."

Alinyanyua ungo, akaumalizia mchele, akaita ndani waongeze maji chunguni kwa kuwa kuna mgeni. Nikavua viatu nikaingia. Majirani walikwisha kuanza kuja.