Fundi Aliyetoa Uso Wake

Habari ya kifo cha fundi wangu wa rangi niliipata dukani kwangu hapa Migori, asubuhi, nikiwa mlangoni napokea karatasi kutoka Kisumu. Aliyeileta ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi kutoka Rangwe, mtu ninayemheshimu kwa sababu naye, kama mimi, alianzia chini. Alinieleza kwamba fundi alikuwa juu ya ngazi akiandika jina la duka fulani, ngazi ikavunjika, akaangukia ukingo wa mtaro wa saruji, na kabla ya gari kufika Homa Bay alikuwa amekwisha. Nilishika kichwa. Nikauliza ngazi ilikuwa ya nani, ya mbao gani. Yule bwana akanitazama kama mtu anayemwonea mwenzake huruma kwa kutojua mambo. "Ah, Jakom, ngazi ni sababu tu," akasema. Jakom ni mwenyekiti kwa Kijaluo, na ndivyo wanavyoniita huku, ingawa sijawahi kuwa na kamati. "Yeye alikuwa anaenda. Si picha yake tumeiona kila mahali?" Wasomaji wangu, ninaandika leo kwa sababu ya hiyo picha. Ilitoka dukani kwangu, na ninajua ilivyozaliwa.

Wanaonisoma kila juma wanaijua historia yangu, na wasioijua nitawapa kwa ufupi. Niliacha shule darasa la nne. Nilibeba magunia ya tumbaku Kehancha, nikatembeza bahasha na kalamu mkononi, nikafungua duka la kupiga chapa, na wakati waliosoma walipokuwa bado wanabishana kama kompyuta itadumu, mimi nilikuwa nimeshanunua moja Nairobi na kuileta Migori imefungwa blanketi mbili. Ninasema bila aibu: kwa kuchora picha za rangi, ilikuwa ya kwanza kwenye barabara hii yote mpaka Homa Bay. Lakini mashine bila mtu ni kabati tu. Mtu huyo alikuwa fundi, mzaliwa wa Rangwe, aliyekuwa akichora ng'ombe kwenye kuta za bucha na vichwa vilivyonyolewa kwenye vibao vya vinyozi. Kile kidude wanachokiita kipanya alikishika kama mtu aliyeshika kifaranga, na kabla mvua hazijaisha alikuwa anachora nacho watu ambao ungeweza kuwasalimia.

Taabu yake ya kwanza ilikuwa rangi ya ngozi. Programu ilikuja na rangi ya mtu tayari, na mtu huyo alikuwa wa pinki. Fundi alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaanza kuchanganya nyekundu, manjano na bluu kidogo kidogo, akachapisha vipande vya kahawia vya kila namna, kwa kuwa alishagundua kwamba rangi ya kwenye kioo cha kompyuta inadanganya: ina taa nyuma yake, na karatasi haina taa. Kila kipande alikilaza kwenye mkono wa mteja aliyeingia. Watu walikuja kununua bahasha wakajikuta wanapimwa ngozi. Alivipa vipande majina: chai ya maziwa, mandazi, tumbaku iliyokauka, udongo wa Kegonga baada ya mvua. Mama mmoja muuza samaki aliambiwa yeye ni mandazi, akauliza, "Ya nani? Yale yaliyoungua?" na duka zima likacheka. Mimi nilikuwa tumbaku. Na mtu wa kuchora alimjenga kutoka nje kuingia ndani: kwanza umbo, ili ukimwona kwa mbali ujue ni mkulima au ni karani; halafu shati; uso mwisho kabisa. "Uso ukija mapema, Jakom, unakuwa wa mtu unayemjua," alikuwa akisema.

Hilo la uso ndilo lililokuja kutunyonga. Kamati moja ya afya ilitaka tangazo la ukutani kuhusu ule ugonjwa. Mnajua ni upi. Miaka hii hapa kwetu ukisema "ule ugonjwa" hakuna anayeuliza. Walitaka mtu mmoja achorwe mara tatu: amenawiri, amekonda, amelala kitandani. Fundi alimbuni kijana asiye wa popote, ngozi ya chai ya maziwa, shati la manjano, na tukabandika nakala moja ya majaribio sokoni Rangwe tusikie watu watasemaje. Kabla jua halijawa kali, mama mmoja mzee alikuwa ameuegemea ule ukuta kwa mikono yote miwili. Mwanawe alikuwa na shati la manjano, na alikuwa amezikwa. Alimwambia fundi kwa Kijaluo, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na mimi Mkuria nisikie: "Mmemtoa kaburini mkamweka kwa soko. Sisi tulisema ni chira. Sasa nyinyi mmesema ni nini?" Chira, kwa msioijua, ni kule kudhoofika kwa mtu aliyevunja mwiko, na nyumba nyingi zimejifunika kwa neno hilo, kwa kuwa angalau lina heshima kuliko lile lingine. Fundi aliibandua ile karatasi yeye mwenyewe, akaikunja, akarudi nayo Migori.

Akabadilisha shati likawa la kijani. Nalo lilikuwa na mwenyewe, naye amezikwa. Akamnyoa nywele, akamtia masharubu, akamnenepesha mashavu. Kila tulipoonyesha mchoro kulikuwa na mtu aliyeondoka ghafla. Ilifika mahali nikaelewa, hata mimi ambaye sikusomea kuchora, kwamba kosa halikuwa mkononi mwake. Wafu walikuwa wengi kuliko nyuso ambazo mtu mmoja anaweza kubuni. Ndipo akamfanya mtu wake kuwa wa bluu. Ngozi yote bluu, na macho meupe, na shati rangi ya chungwa, na ninawaambia sijawahi kuona kitu kizuri kama kile kwenye kompyuta yangu. "Huyu hana mama," aliniambia, na alikuwa na furaha. Mwenyekiti wa kamati, muuguzi mstaafu, alikitazama akatikisa kichwa. Watu wa Homa Bay watasema ni maiti imetolewa ziwani, akasema, na watafikiri tunawakataza kuogelea. Akataka mtu wa rangi ya watu, na upesi.

Fundi aliazima kioo cha kujitazamia kwa kinyozi wa jirani, akakiegemeza kando ya kompyuta, na akajichora. Nilipoona anachofanya nilimwambia watu watadhani ni yeye anayeumwa. Akanijibu kwamba amechora ng'ombe kwenye kila bucha ya Rangwe na hakuna aliyedhani yeye ni ng'ombe. Tulicheka. Halafu akasema, bila kucheka sasa, "Uso huu mwenyewe ameruhusu, Jakom. Hakuna mama atakayekuja kulia. Wangu alishakufa."

Ilichapishwa Kisumu ikabandikwa kila mahali, kuanzia Kehancha mpaka Homa Bay, kwenye zahanati, shule na milango ya maduka. Mimi nilisifiwa, na nilistahili. Kazi ilikuwa safi. Yeye alianza kukimbiwa. Mwenye bucha aliyempa kazi miaka yote alisema ukuta wake bado haujachakaa. Kinyozi yule yule wa kioo akawa kila akimwona ana foleni. Ndugu za mkewe walikuja kumchukua dada yao, na mke, ambaye ni mwanamke wa kujivunia, aliwapikia, akawasindikiza, akarudi ndani. Nilimwambia fundi aende hospitali apimwe, nitampeleka mimi mwenyewe. Akaniuliza: "Nikipimwa nikawa mzima, hiyo karatasi nitaibandika wapi? Kwa paji la uso?" Basi hakupimwa. Kwa hiyo kama alikuwa nao au hakuwa nao mimi sijui, na yule bwana wa Rangwe hajui. Ninachojua ni kwamba alipenda kuchora kwenye mashine yangu kuliko kitu chochote, na aliiacha, akarudi kwenye ngazi na ndoo, akitafuta kazi kwa wageni wasiomfahamu, maana hao ndio pekee waliokuwa bado wanamwangalia machoni.

Siku ya mazishi hapakuwa na picha ya kuweka mbele ya jeneza, maana alichora watu maisha yake yote na hakupigwa hata moja. Nilimwambia mjane kwamba ninayo ndani ya kompyuta, ile ya kwanza kati ya zile tatu, amenawiri, anatabasamu, na naweza kuitoa peke yake kwa karatasi nzuri. Alinishika mkono. "Jakom, tafadhali, hiyo usilete." Jeneza lilikwenda bila uso.

Nikirudi nilisimama sokoni Rangwe. Tangazo moja bado liko pale. Jua limekula nyekundu, limekula manjano, kama linavyokula siku zote. Bluu ndiyo hubaki. Amekuwa bluu mwili mzima, sawasawa na alivyotaka, mtu asiye wa mama yeyote. Na bado muuza nyanya aliyekaa chini yake, aliponiona nimeduwaa, alinitajia jina la fundi bila kuulizwa.

Nimeitafuta faida katika kisa hiki, na mimi ni hodari wa kuona faida pale wengine wanapoona hasara. Sikuiona. Funzo nililobaki nalo ni hili, na halinipendezi: akitokea mtu wa kutoa uso wake ili aibu ya nyumba yako isionekane, utaupokea haraka sana, nami ningeupokea, na hakuna hata mmoja wetu atakayekumbuka kumrudishia.