Mfagiaji na Maua ya Mwegea

Miaka ya sabini, mfagiaji wa kanisa letu pale Nuu aligombana kila asubuhi na popo waliokwisha kwenda kulala. Usiku walinyonya maua ya mwegea, mti mkubwa uliosimama mbele ya kanisa, na alfajiri yalikuwa yametapakaa mlangoni. “Walafi hawa!” alinguruma, huku akikung'utia kila ua kiganjani na kulamba utamu uliobaki kabla ya kulitupa kikapuni. Siku moja mzee wa kanisa alikuja na shoka, kwa kuwa matunda ya mti ule hutiwa kwenye pombe. Mfagiaji hakubishana. Alimpa ua. “Onja kwanza, mzee, ndio ukate.” Mzee akanusa, akakunja uso, akalamba. Akageuka kuangalia kama mchungaji yuko karibu. Kisha akaegemeza shoka ukutani, akanyoosha mkono tena.